Shikamoo Iliyotikisa Chumba cha Usaili

Sogezeni viti, enyi nyote mliowahi kungoja nje ya mlango wa ofisi huku jasho la viganja likiilowanisha bahasha. Wekeni chini vikombe, tulizeni watoto, zimeni redio. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, awapaye wanyonge nguvu na waliochelewa subira, inasimuliwa sasa habari ya vita vilivyopiganwa katika chumba chenye meza moja na feni mbovu, na ya shujaa aliyeingia humo amevaa viatu vya kuazima.

Shujaa huyo alikuwa mshona mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na minne, Malkia wa Cherehani, Bingwa wa Pindo Zisizofumuka. Mchana aliyavisha madirisha ya watu, na jioni alikwenda kusoma pamoja na vijana waliomwita Bibi Darasa. Alisoma kwa bidii, akasali kwa bidii zaidi, na mitihani ilipokwisha akarudi kutoka uwanja wa mapambano na jeshi lake lote: C nne, zilizosimama wima kama askari watiifu, na D moja ya hesabu, iliyochechemea nyuma yao. Kwa jeshi hilo alikusudia kuiteka ngome kuu, yaani chuo cha ualimu wa chekechea, kozi ya jioni. Na ilikuwa lazima aiteke sasa, kwani chuo hakikupokea mtu aliyefikisha miaka arobaini na mitano, na usaili wa mwaka ujao ungemkuta ng'ambo ya mpaka huo.

Lakini ukoo haukulala. Shangazi yake, Jemadari wa Vikao Vyote, alikuwa na silaha ya siri, nayo ilikuwa Baba Mdogo. Huyo alikuwa kitinda mimba wa babu, aliyezaliwa wakati mshona mapazia ameshaanza shule. Mshona mapazia ndiye aliyembeba mgongoni, akampangusa kamasi, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Hata hivyo ukoo ni ukoo: yule mtoto wa mgongoni alikuwa baba yake, na sasa, kwa rehema za Mungu, alikuwa msajili wa chuo, mmoja wa wasaili watatu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema shangazi asubuhi ya usaili, akimnyoosha kola pale kwenye benchi la nje. "Mlangoni wamebandika kwamba msaili mwenye ndugu yake atoke. Sasa wewe ukiingia, humjui. Mtazame kama unavyotazama ukuta."

"Si ni uongo huo, shangazi?"

"Uongo ni kusema. Mimi nimekwambia useme nini? Nimekwambia unyamaze."

"Na yeye amekubali?"

"Amesema tutaona."

"Huyo tangu mdogo akisema tutaona, ujue anaogopa."

"Basi ogopeni wote wawili, lakini kimya kimya. Maana hizo alama zako, kwa heshima zote, zinahitaji mtu wa kuzishika mkono."

Malkia wa Cherehani akainamisha kichwa akaomba. Hakuomba alama zigeuke, kwa kuwa mitihani ilikwisha sahihishwa naye hakutaka kumsumbua Mungu kwa jambo lililopita. Aliomba tu mdomo wake ufanye lililo jema. Kisha jina lake likaitwa, naye akasimama, akaukabili mlango.

Tazameni safu ya wapinzani. Katikati ameketi Mkuu wa Chuo, Mama wa Miwani Mbili, moja machoni na nyingine juu ya nywele. Kulia kwake mwalimu wa hesabu, mtu mkavu aliyeshika kalamu kama mkuki. Kushoto ni Baba Mdogo, tai imembana, macho ameyatundika kwenye dari. Shujaa akautafuta ukuta, akaupata, akaukazia macho. Akapiga hatua ya kwanza vizuri. Akapiga ya pili vizuri zaidi. Ndipo Baba Mdogo akakosea, akashusha macho, na macho yao yakakutana, na adabu ya maisha yake yote ikamsukuma shujaa kwa nyuma kama umati unaosukuma geti.

"Shikamoo, baba."

Na msajili, mwenye shahada na muhuri, kabla akili yake haijawasili, akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

Hata feni ilisita. Mkuu wa Chuo akazitazama mvi za mwombaji, kisha akakitazama kidevu laini cha msajili.

"Msajili, huyu mama ni mwanao?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Wa kumzaa?"

"Hapana, Mkuu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni."

"Mwanao amekubeba mgongoni."

"Ndiyo, Mkuu."

Mwalimu wa hesabu akaweka kalamu chini. "Hiyo hesabu," alisema, "imenishinda."

"Basi utaratibu unaujua," Mkuu akamwambia msajili, na Baba Mdogo akaokota koti lake akatoka. Hivyo bendera ya ukoo ikashushwa, na Malkia wa Cherehani akabaki peke yake uwanjani na C zake nne na yule majeruhi.

Mwalimu akaichukua tena kalamu. "Mama, hii D."

"Ni yangu, mwalimu."

"Mtu wa D atawafundishaje watoto kuhesabu?"

Hotuba aliyokariri njia nzima ilikuwa imetoka nje pamoja na Baba Mdogo.

"Mara ya kwanza nilipata F," alisema. "Nikarudia, nikapata E. Hii D nimeipigania. Siku ya ile F nililia mbele ya vijana wa umri wa wanangu, mwalimu, na mmoja akanicheka. Mtoto akinililia kwa sababu ya hesabu, mimi sitamcheka. Nitakaa naye. Zaidi ya hapo sina la kuahidi."

Mkuu akashusha miwani ya juu, akamtazama kwa zote mbili. "Na kama usingemsalimu? Hapa hakuna aliyekuwa anajua."

"Nilipanga nisimsalimu. Nikashindwa."

Hapo mwalimu wa hesabu akacheka, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa katika chumba kile. Wakanong'onezana. Kisha Mkuu akatamka hukumu. "Kila Jumamosi utarudia hesabu kwa huyu mwalimu mpaka tuione C. Kwa sharti hilo, karibu chuoni."

Nje, Baba Mdogo alikuwa amebanwa kwenye benchi kati ya waombaji, na binti mmoja alikuwa akimuuliza ameomba kozi gani. Shangazi alikuwa amempa mgongo.

"Umetuharibia," alikuwa akisema.

"Yeye ndiye kaanza, dada."

"Na wewe marahaba ya nini? Ungekohoa."

Mlango ukafunguka.

"Nimepita, baba."

Baba Mdogo akalegeza tai, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. "Bila mimi?"

"Bila wewe."

"Alhamdulillahi," alisema, na alimaanisha kabisa.

Shangazi aliwatazama wote wawili, kisha akainua sauti ili benchi zima lisikie. "Si niliwaambia? Ukoo huu ukiamua kusaidia, hata kutoka nje unajua kutoka."

Basi na isimuliwe popote penye mtu mzima anayeona haya kununua daftari, kwamba siku ile ngome iliingiwa kwa mlango wake wa mbele. Muhula ulipofunguliwa, Malkia wa Cherehani aliketi safu ya nyuma, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, na jina lake liliposomwa akaitika "Nipo" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.