Makabidhiano ya Kivinjari

Kurugenzi ya Mapokezi ya Misaada, Tabora, ina furaha kuutangazia umma kwamba kivinjari chepesi kilichokutwa kwenye kompyuta za ofisi yetu ya Isevya kilisimamishwa kazi hadi mfadhili wake apatikane na kukikabidhi rasmi.

Kivinjari hicho, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kiliwekwa na fundi wetu, Asnath. Hakina bei. Kwenye yale makompyuta kuukuu ya mfumo wa Linux kinafungua fomu ya usajili ya wakulima wa tumbaku kabla hujamaliza kukohoa. Hapo ndipo mimi, Mwenyekiti, niliposhtuka. Kitu cha bure ni msaada, na msaada hautumiki bila makabidhiano.

“Mfadhili ni nani?” nilimuuliza.

“Hayupo mmoja, bosi. Wamekiandika watu kibao huko duniani. Yeyote anaruhusiwa kukichukua, kukirekebisha, hata kumpa mwenzake.”

“Basi aje huyo yeyote.”

Ilikuwa Ijumaa. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi jioni, na asiyesajiliwa hauzi hata jani moja msimu huu. Barazani walikaa wakulima thelathini na saba kutoka Urambo. Niliwahurumia kweli, ila utaratibu ni utaratibu.

Saa nane kasoro akaingia bibi mmoja kati yao, Siwema, flashi mkononi.

“Bibi, usajili umesimama,” nikamwambia.

“Nani kasema nimekuja kusajiliwa? Nimeleta msaada. Asnath kanipa hicho kivinjari, sasa ni changu, nami nawapa ninyi. Nikae wapi?”

Nikapekua kanuni, ambazo niliziandika mwenyewe. Zilikuwa upande wake, nikachukia. Mfadhili huketi kiti cha Mwenyekiti. Mwenyekiti hupokea kwa mikono miwili, akiinama hadi kiunoni. Kisha mfadhili huonyeshwa msaada wake ukifanya kazi, kwa shughuli atakayoitaka yeye.

Alitaka kujisajili. Dakika tatu, tayari.

Akachomoa flashi, akampa jirani yake. “Ngollo mwanangu, nakupa. Nenda ukakabidhi. Kiti chenyewe kinazunguka.”

Hadi saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa nimepokea msaada uleule mara thelathini na saba, na kuinama mara thelathini na saba.

Kurugenzi inawashukuru wafadhili wote. Mgongo wangu umegoma kunyooka, na tangu jana kila nikipita mbele ya mkulima, ananiitikia, “Marahaba.”