Jinsi Nilivyoliteka Daraja la Dada Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza leo. Nimepewa jeshi jekundu. Rangi yangu haswa.

Naandika maelezo, ili wajukuu wakija kusoma wasidhani babu yao alikuwa anachezea simu. Ni ramani. Ina miji, milima na bandari. Tuko wafalme wanne. Mchana kutwa tunapigiana simu, tunaahidiana, tunadanganyana. Kila mtu anaandika amri za jeshi lake kwa siri, na saa moja jioni ramani inafunguka, amri zote zinatekelezwa kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo unajua nani alikuwa rafiki. Atakayeshika nusu ya miji ameshinda.

Mchezo umeletwa na mpwa wangu. Yeye hachezi, ni mwamuzi. Kasema ameufungua kwa ajili ya mama yake, yaani dada yangu mdogo, mkunga, aliyehamishwa kikazi mbali huko na hana wa kuongea naye. Kweli, mimi na dada tulikuwa tumebaki kupigiana simu kukiwa na msiba au harusi. Na siku hizi watu wetu hawafi wala hawaoani.

Wafalme wengine ni kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na karakana yangu ya makochi, na mama mkwe wangu. Mama mkwe, vitani. Nilicheka peke yangu mpaka misumari ikanitoka mdomoni.

Mpwa alitaka kunisomea sheria za mchezo. Nikamwambia asijisumbue. Niliwahi kubadilisha kitambaa cha kiti cha kanali mmoja, nikaona mpango wa vita mezani kwake, nikamrekebishia palepale. Alisimama akanipigia saluti. Mpwa akasema mara ya mwisho nilipomsimulia alikuwa sajini. Nikamwambia alipandishwa cheo kwa sababu ya ushauri wangu.

Jioni dada akapiga. Tukala kiapo: mimi siligusi Daraja lake, yeye haugusi Mji wa Chumvi, ulio wangu. Mambo ya vita yakaishia hapo. Halafu tukaongea mengine mpaka simu ikawa ya moto sikioni. Goti lake linamsumbua. Paka wa jirani amehamia kwake bila kuaga alikotoka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi alisubiri wembe ufike kooni ndipo akaanzisha siasa. Kasema, fundi, mimi na wewe ni majirani, hawa akina mama watatumaliza mmojammoja. Tummeze dada yako kwanza. Wewe uchukue Daraja, mimi nichukue bandari zake. Nikamwambia nina mkataba na dada. Akanyamaza. Wembe nao ukanyamaza, palepale ulipo. Nikakubali. Si woga. Ni hekima ya mtu aliyelaza shingo.

Nimerudi karakana nikiwa na mikataba miwili inayopingana na shavu moja halijamalizwa. Mfalme wa kweli.

Mchana nikapata ujumbe kutoka kwa mama mkwe. Mwanangu, habari za kazi. Naona umeweka askari mlangoni kwangu. Nimekukosea nini?

Utamwambia nini mama aliyekuzalia mke? Kwamba nilitaka kukuteka, shikamoo? Nikawaondoa askari wote mpakani kwake. Nikamwomba radhi kwa niaba ya jeshi zima. Nikamwachia na kijiji kimoja cha mlimani, iwe zawadi. Akajibu kwamba Mungu anibariki, na kama kile cha pili sikihitaji, asingekikataa.

Nimempa na cha pili.

Jumatano, 5 Machi

Nusura niangamie. Kinyozi, yule yule wa wembe, alivamia Mji wa Chumvi. Nilipomfuata akasema ni janja tu, ili dada asishtukie kwamba tuna urafiki. Nikamwambia angeniarifu. Akasema ningeigiza vibaya.

Mji haukuanguka, na sababu ni dada. Katika mchezo huu askari anaweza kukaa mahali alipo akamuunga mkono jirani anayelinda mji, na nguvu za wawili zikahesabika pamoja. Dada alikuwa amemtuma askari wake aniunge mkono bila hata kuniambia. Kwa kufanya hivyo bandari yake moja ikabaki tupu, na mama mkwe akaingia humo taratibu kama mtu anayekuja kuazima chumvi.

Nilimpigia kumshukuru. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba ulinzi ule niliupanga mwenyewe. Hakunipa nafasi. Kasema alikuwa na zamu mbaya leo, mama mmoja amejifungua kwa shida sana, wamepona wote wawili, lakini alipotoka nje hakuwa na mtu wa kumwambia. Huko alikopelekwa watu ni wema, ila wana watu wao. Kasema tangu Jumatatu anatoka kazini haraka kwa sababu saa moja kuna kitu. Kaka, mwenzio naisubiri saa moja kama mtoto. Ndivyo alivyosema.

Nikamwambia na mimi hivyo hivyo. Ilikuwa kweli, ingawa mimi nilikuwa nasubiri ramani.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo, anasikiliza. Kasema hiyo bandari dada yako kaiacha kwa ajili yako, usije ukaleta mambo yako. Nikamuuliza mambo gani. Akaendelea kukunja shati langu, akalikunja vibaya makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima nimefunika kochi moja, na kitambaa nimekiweka ndani nje. Mawazo yapo kwenye Daraja.

Hesabu ni hii. Nikilichukua Daraja, njia ya miji yote ya dada iko wazi. Kinyozi akiniunga mkono kesho, mimi nabakiza padogo sana kuwa mshindi. Ukimtoa yule aliyemtuma kuniunga mkono, dada hana askari upande wangu hata mmoja. Kwa nini hana? Kwa sababu ananiamini. Huo ni uzembe wa kivita. Kanali asingeuvumilia. Mtu akiacha mlango wazi hivyo, kutoingia ni kama kumdharau.

Halafu ni mchezo. Mchezo ni mchezo. Nimemwambia mke wangu hivyo kabla hajaniuliza kitu, akanitazama.

Dada alipiga kama kawaida. Tumeongea habari za mama yetu, alivyokuwa akituficha sukari na sisi tukijua ilipo. Mwishoni akauliza kesho tunafanyaje. Nikamwambia kesho tunatulia tu. Akasema sawa kaka, basi nami natulia.

Sikupenda namna alivyosema sawa. Haraka mno. Angebisha kidogo ningejisikia vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeliteka Daraja. Ramani ilifunguka nyekundu tupu, utadhani mtu kamwaga rangi. Miji yote ya dada imekwenda, nusu kwangu, nusu kwa kinyozi. Kabaki na askari mmoja tu juu ya kilima, karibu na makao makuu yangu, alikokuwa amemweka siku ile ya kuniunga mkono. Nilisimama sebuleni nikajipiga kifua. Watoto wakapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Kisha nikakaa na simu, nikisubiri.

Haikulia. Nikahakikisha ina chaji. Nikamwomba mke wangu anipigie kuona kama inalia. Akanipigia. Ililia vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Jeshi langu lote lilikuwa mbele, kwenye miji ya dada. Nyuma nilipopaacha patupu ni mpakani kwa mama mkwe, kwa heshima. Leo mama mkwe amepita kwenye heshima yote hiyo na askari wake wa njano. Kachukua Mji wa Chumvi. Kachukua na miwili mingine. Ujumbe ukafuata: samahani mwanangu, nilikuwa napita tu.

Kinyozi naye kanigeuka, kaninyang'anya miji niliyoichukua kwa dada. Nilikwenda kibandani kwake na ghadhabu zangu. Kulikuwa na wateja, kwa hiyo niliongea kwa kunong'ona, na ghadhabu ya kunong'ona haina nguvu. Akaniambia, fundi, mimi na mama mkwe wako tuko pamoja tangu Jumatatu. Alinipigia asubuhi na mapema kabla hata sijafungua. Yule si mtu wa mchezo. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, wewe ulimwambia dada yako?

Wateja wote walikuwa wamesikia. Mmoja alikuwa na povu usoni, akageuka anitazame vizuri.

Nimebaki na makao makuu, Daraja, na askari wawili. Nikamwandikia dada. Niliandika maneno mengi, nikayafuta, nikatuma: habari za goti. Akajibu: shikamoo kaka, linaendelea, nipo zamu.

Shikamoo. Wiki nzima hakuniamkia, alikuwa akianza tu, weee, sikiliza. Leo kaniamkia kama mgeni wa baba.

Jumapili, 9 Machi

Nataka hili niliandike sawasawa maana sina wa kumsimulia.

Leo mama mkwe alikuwa anakuja kuchukua makao makuu. Kila mtu alijua. Akiyachukua, ana nusu ya miji, vita vimekwisha. Niliweka askari mmoja ndani alinde. Yule wa pili alikuwa darajani. Na pale kilimani, nyuma ya shingo yangu, askari wa mwisho wa dada.

Nilimtazama askari yule asubuhi nzima. Mdogo, wa kijani, rangi ya dada. Nikajiuliza dada atafanya nini naye. Nikajiweka mahali pake. Mimi ningekuwa yeye, ningemchoma mtu kisu leo hii, tena kwa raha. Basi nikaamua nimuwahi. Nikamwamuru askari wa darajani ampige yule wa kilimani. Nikajisifu kwa kuona mbali.

Saa moja ramani ikafunguka. Askari wa dada hakuwa anakuja kunishambulia. Alikuwa amekaa palepale, na amri yake imeandikwa wazi chini ya ramani, kila mtu anaisoma: anaunga mkono makao makuu ya kaka.

Mpwa alinieleza polepole, kama anamweleza mgonjwa. Mjomba, askari anayemuunga mkono mwenzake, akipigwa, anaacha kuunga mkono ili ajitetee. Ni sheria ya kwanza kabisa. Ile uliyosema nisikusomee. Bila yule wako wa darajani kumpiga, bibi asingeingia. Leo usingeandika amri yoyote, ungekaa tu bila kufanya lolote, ungepona.

Makao makuu yakaanguka. Mama mkwe ameshinda. Ametuma ujumbe kwa wote, akishukuru kwa ushirikiano, na kwangu mimi hasa kwa adabu yangu njema.

Sijali makao makuu. Nasema kweli. Namfikiria dada anatoka zamu, goti linauma, anakaa mahali peke yake, anafungua simu, anaandika ile amri. Baada ya yote niliyomfanyia. Halafu saa moja anaona nilichomwandikia mimi.

Nimepiga. Hakupokea.

Jumatano, 12 Machi

Saa moja imefika, imepita. Sasa haina kitu ndani yake. Nilikaa nayo tu sebuleni.

Mke wangu kasema nimwombe msamaha kama mtu mzima, nisimtaje kanali. Nilijaribu kuandika. Bila kanali ilibaki mistari mifupi: nilikosea, dada. Ulinilinda, nikakupiga. Simu zako zilikuwa nzuri kuliko mchezo. Nikatuma kabla sijaipamba.

Jumamosi, 15 Machi

Kapiga. Alianza na weee, sikiliza. Nilikuwa na sindano ya makochi mkononi, nikajichoma.

Hakunikaripia. Kasema aliumia, tena si kwa Daraja. Lile la Jumapili. Kasema, kaka, ulidhani nakuja kukuua. Mimi. Baadaye akasema yameisha, ameusoma ujumbe wangu mara nyingi, hajawahi kuniona nikiandika jambo lisilo na chumvi. Amemwomba binti yake, yule mwamuzi wetu, afungue mchezo mpya, wafalme wale wale. Kwa sharti moja: tukiwa kwenye simu, habari za vita zisitajwe. Tuongee kama watu. Nikaapa. Nikaapa na kwa mama yetu, ingawa hakuniomba.

Jumatatu, 17 Machi

Mchezo mpya. Safari hii mimi bluu. Dada jirani yangu tena.

Alipiga kabla ya saa moja. Tumetimiza sharti, vita havikutajwa hata kwa bahati mbaya. Paka kazaa, watoto watatu, ndani ya kapu la sare zake za kazini. Goti lina nafuu. Kuna jirani amemwalika kwake, mara ya kwanza. Alikuwa na furaha kweli, nami nilifurahi, naandika hapa kwa mkono wangu kwamba nilifurahi.

Nilimsikiliza huku ramani iko mbele yangu. Bandari yake ya kusini haina mlinzi. Hajaweka hata mmoja upande wangu. Mtu aliyekwisha kuumwa anaachaje bandari hivyo? Mtu mwingine angeweza kuichukua. Kinyozi angeweza. Mama mkwe, usiseme. Ni heri ikiwa mikononi mwa ndugu.

Akauliza, kaka, unanisikia? Nikamwambia nakusikia mama, endelea, hao paka wa rangi gani?

Alikuwa bado ananitajia rangi zao nilipobonyeza kutuma amri.

Ujumbe wa msamaha nimeshaanza kuuandika. Wa safari hii utakuwa mrefu zaidi.