Rola Nne za Mkuku na Nafasi Moja Ubaoni

Jumatatu, 14 Juni 1993

Siku ya kwanza ya likizo. Ukungu mpaka saa nne. Nilipanga kusoma Fizikia sura ya sita. Sikusoma. Limetokea jambo kubwa zaidi.

Mzee Ambindwile ameleta mashua na trela lake kwenye karakana ya baba. Mashua ilikuwa ya mradi wa samaki. Mradi ukafungwa, wazungu wakaondoka, vitu vikapigwa mnada, yeye akanunua mashua pamoja na trela lake. Anataka kuishusha ziwani Matema Jumamosi hii. Tatizo ni rola nne zilizo katikati ya trela, zile ambazo mkuku, ule uti wa chini ya mashua, hukalia na kuteleza juu yake. Zimepasuka zote. Bolti zake zimeliwa na kutu. Hapa Tukuyu hakuna duka linalouza rola za mashua. Hapa Tukuyu hakuna mashua.

Baba akatuita, mimi na binamu yangu Farhan, anayejifunza ufundi kwake tangu mwaka juzi. Akasema tangu biashara zifunguliwe kila mtu ana bango, hata muuza karanga wa stendi, na yeye ameamua kuwa nalo. Lusungu mchora mabango atakuja Jumapili. Litaandikwa FUNDI MRISHO NA, halafu jina. Jina litakuwa la yule ambaye rola zake zitaiingiza mashua majini.

Farhan alicheka. Akasema, "Profesa, wewe ukiona mteja unajificha nyuma ya mlango." Ni kweli. Lakini rola si mteja.

FUNDI MRISHO NA AMNA. Nimeiandika mara tano nyuma ya daftari hili nione inavyokaa. Inakaa vizuri.

Jumanne, 15 Juni

Ndani ya mashua nimekuta kitabu cha vipuri. Lugha siijui. Herufi zake nyingine zimekatwa kwa mstari, kama mtu aliyekosea akafuta. Lakini mchoro ni mchoro. Kurasa tatu nzima za rola! Nimejifunza kwamba rola nzuri ina kiuno, ili mkuku utulie katikati usikimbilie pembeni. Na ni ya mpira, si chuma, kwa sababu mashua ni ya faiba na chuma kitaikwaruza. Nimenakili vipimo vyote.

Mpira upo. Matairi. Nikaenda kwa Mzee Hasheem, mshona katambuga, zile ndara za matairi, karibu na soko. Swali langu nililiandika kwenye karatasi nisije nikababaika. Akalisoma, akaigeuza karatasi nyuma, akauliza salamu iko wapi. Nikasalimia. Nikamweleza: nitakata visahani vya tairi, nivitoboe katikati, nivipange kwenye bolti kama mishikaki. Vya katikati vidogo, vya pembeni vikubwa. Hicho ndicho kiuno.

Alisema wazo si baya. Kisha akanionyesha malundo mawili. Hili ni la tairi za nyuzi, lile la tairi za waya. "Chukua za nyuzi, mwanangu. Waya, mpira ukilika, unatokeza, unamla mwenye mguu."

Nilitafakari. Waya una nguvu kuliko uzi. Hilo halina mjadala. Na mashua haina mguu. Nilipouliza kwa nini lundo la waya ni kubwa hivyo, alisema hakuna anayelitaka. Nikaiona hiyo ni bahati. Nimebeba tairi zima la waya.

Jioni alikuja Bibi Veronika, mama yake Mzee Ambindwile, kuitazama mashua ya mwanawe. Akauliza hizo rola ni nini. Farhan akamweleza kwa mikono. Bibi akasema, "Kwa nini msikate migomba?" Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa adabu.

Jumatano, 16 Juni

Nimekata tangu asubuhi. Waya umemaliza meno ya misumeno miwili. Ushahidi wa uimara. Visahani ishirini na vinne, malengelenge saba.

Farhan alimaliza kabla ya chai. Amekata bomba la chuma vipande, akavivisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikamwambia rola zake hazina kiuno. Akasema anatengeneza rola, si bibi harusi.

Baba alitazama kazi zetu akasema kila mmoja atafunga rola mbili. Mbili mbele, mbili nyuma, nani wapi tupatane wenyewe.

Hapa ndipo akili inapohitajika. Mashua hushuka kwa kurudi nyuma. Rola za nyuma ndizo za mwisho kuigusa. Watu watakumbuka za mwisho. Kwa hiyo nikamwambia Farhan, kana kwamba sijali, kwamba rola za mbele ndizo zinazoonekana na watu wote wa barabarani. Alichukua za mbele papo hapo. Hakuniuliza hata swali moja. Karibu nimhurumie.

Alhamisi, 17 Juni

Siku ya bolti. Dukani zipo mpya kutoka nje, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Nikamwomba baba tuchukue hizo. Akaibana moja kwenye jiriwa, akaigonga nyundo mara moja. Ikainama kama mtu anayeomba radhi. Tumechomoa bolti za lori bovu lililoko nyuma ya karakana. Nyeusi, nene, mbaya. Hazikuinama.

Breketi mpya za kushikilia rola baba amezichomelea mwenyewe. Akaniambia nikifunga nati niache nafasi ya njiti ya kiberiti kati ya rola na breketi. Mimi nafasi naiona kama uvivu. Nikakaza mpaka spana ikalia. Rola ikagoma kuzunguka. Farhan akaipapasa akauliza kama ni rola au mto wa kulalia. Nimelegeza. Njiti moja. Nilipima kwa njiti halisi.

Grisi imekwisha. Nimepaka mawese ya jikoni.

Ijumaa, 18 Juni

Sisimizi. Rola zangu mbili, kuanzia breketi hadi breketi. Hawakugusa za Farhan. Alisema hata wadudu wanajua chakula kiko wapi na chuma kiko wapi. Nimezifuta kwa mafuta ya taa.

Mchana wanaume wanane waliipandisha tena mashua kwenye trela kwa majaribio. Wakaisukuma nusu hatua nyuma, nusu hatua mbele. Rola zote nne zilizunguka. Baba alisema, "Mm."

Nimeifikiria hiyo "mm" mchana kutwa. Alikuwa amesimama upande wangu alipoisema.

Jumamosi, 19 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Tuliondoka alfajiri. Land Rover ya kukodi, trela nyuma. Bibi Veronika alikaa na sisi; anakwenda Matema kumwona dada yake. Tukuyu nilivaa sweta mbili. Kufika Kyela nilikuwa nimevua zote.

Ufukweni watu walikwishajaa. Land Rover ikalirudisha trela nyuma mpaka magurudumu yakagusa maji. Baba akalegeza kamba. Mashua ikaanza kushuka. Rola zangu zilizunguka. Naliandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Zilizunguka, hatua tatu nzima.

Kisha uzito wote ukaja nyuma. Kwangu. Mpira ukaminyika, waya zikatokeza kama ndevu za kambare, zikaung'ata mkuku. Mlio wake siuelezi. Mashua ikasimama, nusu kwenye trela, nusu hewani. Mbele, tyubu za Farhan zilikuwa zimechomoka kama soksi na bomba linakwaruza tupu. Tulikuwa tumefungana sare.

Mzee Ambindwile hakufoka. Alivua kofia akaishika kifuani, kama aliyefika msibani. Baba alitazama maji. Ningependa afoke. Nilitaka kumweleza kwamba ukiondoa uzito mfumo unafanya kazi, lakini watu walikuwa wengi, nikajificha nyuma ya mlango wa Land Rover.

Bibi Veronika akashuka polepole. Akawaambia vijana maneno machache ya Kinyakyusa. Wakaingia shambani na mapanga, wakarudi na migomba mitano iliyokwisha kuzaa, wakailaza mchangani mpaka majini. Watu kumi na wawili wakaiinua mashua kwa mabega, mmoja akiita, wengine wakiitikia, wakaiweka juu ya migomba. Migomba ikatoa maji yake. Mashua ikaingia ziwani kama kipande cha sabuni.

Ina mchubuko mrefu chini. Haivuji. Inaelea.

Bibi alisema baba yake aliteremsha mtumbwi wake hivyo hivyo, tena yeye hakuwa na kitabu. Mzee Ambindwile akavaa kofia. "Ndaga fijo, mama," akamshukuru. Sisi akatupita.

Kurudi, tulifika Ushirika, baridi ikaanza. Hapo baba akaniuliza Hasheem alinishauri nini kuhusu matairi. Nikasema alizungumzia habari za miguu.

Jumapili, 20 Juni

Lusungu amekuja na rangi. Nilikaa dirishani na kitabu, nikakishika juu chini kwa saa nzima. Akachora FUNDI. Akachora MRISHO. Akachora NA. Akageuka kuuliza, na nani?

Baba alimtazama Farhan. Akatazama dirishani. Akasema, "Acha hapo hapo."

Lusungu akamwambia, Mzee, bango haliwezi kuishia njiani. Watu watauliza. Baba akasema waulize. Basi limetundikwa hivyo hivyo. FUNDI MRISHO NA. Wapita njia wanasimama kusoma, wanasogea kuangalia kama kuna maneno upande wa pili. Farhan anasema nafasi iliyobaki ni ya MGOMBA.

Alipokwenda kula nilipanda ngazi na rula. Nafasi ni sentimita sitini na mbili. Herufi moja ya Lusungu, pamoja na pumzi yake, ni kumi na tano. AMNA ni sitini kamili. FARHAN ni tisini. Haingii.

Baba ni fundi. Hapimi ovyo. Anasubiri tu nimpe sababu.

Jumatatu, 21 Juni

Sababu nimeipata.

Viatu vya baba vya kazini vimekwisha. Kisigino cha kushoto kinagusa lami. Nitamshonea katambuga kabla Lusungu hajarudi kuchukua brashi zake alizozisahau. Zawadi ya kimya, isiyohitaji maneno. Nilikwenda kwa Mzee Hasheem kutazama anavyoshona. Safari hii nilisalimia kwanza. Akarudia yale yale ya nyuzi na waya. Nikamshukuru sana. Ni mzee mwema, ila hajasoma Fizikia.

Kilichoharibu mambo Matema ni uzito wa mashua. Baba ni mwembamba.

Lile tairi la waya limebaki zaidi ya nusu. Alasiri baba alisinzia kwenye kiti, nikampima unyayo kwa uzi. Ana miguu mikubwa. Litatosha yote miwili, na kipande cha ziada nitamshonea Bibi Veronika.