Faili la Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mama ametangaza. (Ndiye mkuu wa kitengo chetu. Hakumzaa yeyote humu ofisini, lakini sote twamwita Mama.) Ijumaa wauguzi watakuja kuonyeshwa mfumo wa kuandikisha chanjo za watoto, na baada ya hapo atamteua msimamizi wa hifadhidata, yaani majedwali yote yanayotunza taarifa za mfumo huo. Mmoja kati yetu wanne. Nitakuwa mimi! Au, kwa tahadhari: sioni kwa nini nisiwe mimi.

Mpinzani ni mmoja tu, yule tumwitaye Karani. Kila mmoja wetu ana nakala ya hifadhidata kwenye kompyuta yake, na kanuni ni kwamba hakuna kugusa jedwali kwa mkono. Unaandika badiliko katika faili, unalitia namba, unaliweka kwenye ghala la pamoja, wenzako wanaliendesha, nakala zote zinabaki sawa. Tumefika faili la 31. Karani huifuata kanuni hiyo kama dozi ya daktari. Mimi leo nimebadilisha safu ya "mzazi" kuwa "mlezi" moja kwa moja, kwa mkono, kabla chai haijapoa. Imekubali! Nimewatumia wenzangu kurasa mpya zinazoitegemea.

Jumanne, 5 Machi

Vioo vya kompyuta vimejaa makosa mekundu kila meza. Kurasa zinamtafuta "mlezi", nakala za wenzangu hazimjui. Mchoraji wa kurasa, dada mwenye sauti ya kengele, akaiuliza ofisi nzima ni nani kamteka mlezi wa watoto wa watu. Nikapendekeza, kwa uzito unaostahili, tuchunguze nyaya za mtandao. Tukazichunguza. Saa mbili nzima! Karani akatambaa chini ya meza, akatoka na vumbi kwenye nywele, akaniuliza taratibu, "Dada, na kwako vipi?" Nikasema sijapata nafasi ya kutazama.

Huenda huo haukuwa uongo. Sikuwa nimetazama tangu asubuhi.

Jumatano, 6 Machi

Hila bora zaidi. Nikiandika faili la 32 leo, tarehe yake itanisema. Basi nimefungua faili la 17, la miaka miwili iliyopita, ambalo hakuna binadamu alisomaye, nikapenyeza badiliko langu katikati ya mistari ya zamani. Itaonekana lilikuwapo siku zote. Maelezo niliyoyaacha: "marekebisho madogo".

Matokeo: nakala zote zimegoma, hata kuwaka haziwaki. Programu inayoendesha mafaili imeandika kwamba faili la 17 si lile ililolijua. Inajua! Kumbe kila faili likishaendeshwa huchukuliwa alama, mfano wa alama ya kidole, na nukta moja ikisogea, alama hubadilika. Miaka minne chuo kikuu, na sikuwahi kuangaliwa kwa makini namna hii.

Nyumbani nikamsimulia shangazi, fundi cherehani ninayeishi kwake, kana kwamba yamempata mtu mwingine. Akauliza, huyo mtu ana akili timamu kweli? Magauni yameshashonwa, yameshavaliwa, yeye anarudi kukatakata karatasi ya vipimo akitarajia mikono irefuke yenyewe watu wakiwa harusini? Nikamweleza kwamba teknolojia ni pana kuliko hivyo. Baadaye nikaanza kushuku kwamba si pana kuliko hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema hataki kujua ni nani, anataka kujua ni lini, maana kesho wauguzi wako hapa. Karani akajibu, dakika tano. Kisha akaifuta nakala ya hifadhidata iliyoandaliwa kwa maonyesho ya kesho. Yote! Nikashika ukingo wa meza.

Akalirudisha faili la 17 kama lilivyokuwa, kwani ghala hukumbuka kila sura ya kila faili, akaanza na namba moja. Sijui niandikeje. Kutoka patupu likazuka jedwali la watoto, lina safu tatu tu. Likafuata la chanjo. Likafuata la zahanati. Likaja kosa la mwaka juzi, na nyuma yake, mbio, faili lililolisahihisha. Miaka mitatu ya kazi ya mikono yetu kwa dakika nne, na kila kitu kikasimama mahali pake! Machozi yalinilengalenga, na sidhani yalikuwa ya hofu peke yake.

Kisha Karani akageuza kioo chake kuelekea kwangu, kwangu tu. Kumbukumbu ya ghala: faili la 17, jina langu, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, "marekebisho madogo". Angeweza kumwita Mama. Akanong'ona, "Dada, andika la 32. Nakungoja." Nililiandika kwa dakika sita.

Ijumaa, 8 Machi

Maonyesho yamefana. Muuguzi mmoja anayelea wajukuu akaliona neno "mlezi", akasema hatimaye kuna mtu aliyewafikiria watu kama yeye. Mama akauliza ni wazo la nani. Karani akasema ni langu. Mbele ya watu! Msimamizi ni yeye, nami ni naibu wake, kwa ombi lake mwenyewe: eti anahitaji mtu anayezijua njia zote za kuharibu. Nimeguswa sana. Nimeapa kubadilika.

Saa kumi nimegundua kwamba faili langu la 32 lilisahau kubadilisha "mzazi" katika jedwali la miadi ya chanjo. Njia halali ni kuandika la 33. Lakini la 33 lingekiri kwamba la 32 lilikosea, na sina hakika kama siku ya kwanza ya cheo ndiyo siku ya kukiri. Labda nilirekebishe la 32 lenyewe, kimyakimya. Kikwazo ni zile alama. Nikachunguza, kwa nia ya kujielimisha tu, zinatunzwa wapi.

Katika jedwali. Ndani ya hifadhidata ileile! Ajabu iliyoje! Nimelifungua, kutazama tu. Safu ya alama inakubali kuandikwa kwa mkono.

Karani ameshaaga. Amesema ananiachia ofisi kwa moyo mweupe.