Sharubati ya Pilipili kwa Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Magoti yamechoka, mkasi umechoka, hata kiti cha kunyolea kinalalamika nikikizungusha. Wateja leo: mmoja. Aliingia kuuliza njia ya kwenda posta, lakini nimemhesabu.

Nilikuwa nafagia sakafu isiyo na nywele nilipomwona Kapteni. Ng'ambo ya barabara! Kwenye kiti cha Mtanashati! Povu mpaka masikioni, na anacheka. Kapteni hajawahi kupanda meli. Alikuwa kapteni wa timu ya mpira ya kiwanda enzi za ujana wake, cheo kikamganda. Mimi ndiye ninayemnyoa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mkewe alipofariki nilimfuata nyumbani na wembe wangu, nikamnyolea kwenye kiti cha jikoni, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Leo yuko kwa Mtanashati, kijana anayevaa kizibao na kuwapa wateja soda baridi kutoka kwenye friji yenye taa ndani.

Iliniuma. Naandika bila aibu: iliniuma sana.

Na Jumamosi Kapteni anaoa tena. Umri ule! Lazima anyolewe asubuhi ya harusi. Nani atashika wembe? Sitaki kuwaza. Mke wangu anasema nimuulize Kapteni mwenyewe. Mke wangu ni mtu wa njia za mkato.

Mtanashati anatoa soda. Mimi nitatoa kokteli.

Jumanne, 4 Machi

Kuna jamaa kwenye simu, ana aproni na meno mengi. Anasema kokteli hii hata aliyelala anaweza kuitengeneza nyumbani. Sukari na maji jikoni mpaka iwe sharubati. Tangawizi na pilipili humo humo. Ndimu. Kinywaji kikali, kidogo tu. Juu yake maji ya soda. Inakuwa tamu, kali, na ina mapovu. Kwisha kazi.

Sharubati ya kwanza: nilipitiwa na usingizi kwenye stuli. Aliyelala hawezi, naomba jamaa ajue hivyo. Iligeuka lami. Sufuria ni ile anayoipenda mke wangu. Nimeificha.

Sharubati ya pili ilikubali. Pilipili nilizikata kwa wembe, nyembamba, kazi ya fundi. Kisha nikajifikicha jicho. Mama yangu! Nilizunguka jikoni napapasa kuta. Mke wangu akauliza nalia nini. Nikamwambia maisha. Akanipa maziwa, nikayanywa. Kumbe yalikuwa ya kuoshea jicho.

Nimechunguza chanzo. Ni tangawizi. Siku hizi wanaipulizia dawa shambani.

Jumatano, 5 Machi

Leo kutikisa. Jamaa wa kwenye simu hutikisia begani, kwa chombo cha chuma. Sina chombo cha chuma. Nina chupa ya chai. Nikatia vyote ndani: sharubati, ndimu, barafu, kinywaji, maji ya soda. Nikafunga kwa nguvu. Bega la kushoto, bega la kulia, kiuno nacho kikaingia kidogo.

Kifuniko kilitoka kwa mshindo. Dari! Pazia! Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo alizomaliza kupiga pasi. Sasa hajamaliza.

Alizungumza kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Akasema hata yeye asiyejua kokteli anajua kwamba soda haitikiswi, inamiminwa mwisho. Nikamwambia kosa ni la chupa. Akauliza sufuria yake iko wapi. Nikaenda kutembea.

Kwenye kona nikakutana na Kapteni ana kwa ana. Nilikuwa nimepanga kumnunia. Badala yake nikajikuta namwalika nyumbani kesho jioni, aonje kitu kwa heshima ya bwana harusi. Akasema atakuja, ila nisijisumbue.

Nisijisumbue! Mgongo wote unanata sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika mazuri kwanza, maana ni machache.

Kokteli ilifaulu. Nilimimina soda mwisho (wazo langu). Dakika ya mwisho nikakata pilipili mbichi nyingine za kupamba midomo ya glasi. Kapteni akaja, kofia mkononi. Akaonja. Akakohoa. Akaonja tena. Akasema inakwaruza koo halafu inaomba radhi. Glasi ya pili aliiomba mwenyewe!

Tukakaa kama zamani. Akaniambia anaogopa. Alidhani habari za kuoa ziliishia kwa marehemu. Sasa usiku anajiuliza kama watu watamcheka, kama yeye mwenyewe hatajicheka. Nilimsikiliza, karibu yote. Akili yangu ilikuwa inatafuta mahali pa kuingiza habari ya wembe.

Akaingiza yeye. Akajipapasa shavu, akasema ndevu zimeanza kumwasha, kama nina vifaa karibu. Moyo ulipiga sarakasi. Nikanawa mikono kwa maji, upesi, asije akaghairi. Nikampaka povu kwa vidole, kwa kusugua taratibu, kama anavyopenda.

Kwanza alisema kuna joto humu ndani. Kisha akasema kuna moto. Kisha akakimbia na kuzamisha uso kwenye beseni la vyombo. Mke wangu akaja mbio na maziwa. Safari hii hayakunywewa. Mashavu yalivimba kama ya mpiga tarumbeta. Kesho kutwa harusi!

Aliondoka na taulo langu kichwani. Hakuaga.

Mke wangu anasema ni pilipili ya mikononi mwangu. Nimemweleza kwamba pilipili ilikuwa kwenye glasi, na uso ulikuwa nje ya glasi. Ni tangawizi ile ile.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufungua duka mpaka mchana. Nilikaa ndani, milango imefungwa, najitazama kwenye kioo. Sura ya mtu aliyemchoma bwana harusi.

Mtanashati alivuka barabara. Nikajua amekuja kunikoga. Akabisha hodi kwa adabu. Akasema amempitia Kapteni, amelala na mtindi usoni, uvimbe unashuka. Akauliza kama nahitaji msaada wowote, mzee wangu. Mzee! Maini yalinikatika. Akaongeza kwamba Kapteni hajaweka nafasi kwake ya kesho. Naijua mbinu hiyo. Anataka nijipe moyo kisha nianguke vizuri.

Nimenoa wembe ingawa hauna wa kumnyoa. Namkumbuka Kapteni siku ile jikoni kwake. Kidevu kilikuwa kinatetemeka, nikakishika mpaka kikatulia. Kesho mkono mwingine ukikishika, sijui mimi nitakuwa kinyozi wa nani.

Mke wangu ameniletea chai. Hajauliza sufuria. Hali yangu lazima ni mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja!

Asubuhi na mapema, kufuli bado iko mkononi mwangu. Mashavu yametulia. Suti iko ndani ya mfuko wa nailoni, begani. Akanipita, akakaa kwenye kiti changu, kikalalamika. Akaniamuru ninawe kwa sabuni, tena ninawe upya, yeye akitazama. Akasema hataki kinywaji. Akasema hataki maneno.

Nikanyoa. Sijawahi kunyoa vile. Kidevu kilitetemeka, nikakishika, kikatulia. Barabara yote ilikuwa kimya, au mimi sikusikia.

Nilipomfuta povu akazungumza. Akasema alihama kwa sababu yangu. Kwanza nilileta tangi la samaki ukutani, wakafa mmoja mmoja mbele ya wateja. Halafu feni yenye marashi, akaondoka hapa ananuka kama kabati la bibi. Halafu nikaanza kuwatabiria watu nyota zao wakiwa na povu mdomoni, hawawezi kukataa. Kwa Mtanashati angalau soda unaikataa, naye anaendelea na kazi. Akasema yeye hajawahi kutaka chochote hapa zaidi ya kunyolewa kimya kimya na mtu anayemjua. Leo anaogopa kuliko siku yoyote, na mkono anaouamini akiwa na hofu ni huu wangu. Kisha akanishika mkono huo. Akaniomba, ndugu yangu, tafadhali sana, usibuni kitu kingine.

Nililia. Mbele ya mteja! Naye akalia, ikabidi nimfute upya.

Harusini nilisimama nyuma kabisa. Wengine walimtazama bibi harusi. Mimi nilitazama kidevu. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nilifurahi mpaka nikachoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimepumzika, nimetafakari, nimeelewa.

Kabla ya kokteli, Kapteni alikuwa kwa Mtanashati. Baada ya kokteli, yuko kwangu. Katikati hapo kuna nini? Kokteli! Huhitaji kwenda chuo.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama nilimsikia Kapteni jana. Nikamjibu nilisikia kila neno, na nilikaribia kumwambia aishukuru kokteli, maana mwanamume hafungui moyo hivyo bila kitu kulegeza koo mapema. Mke wangu akaweka kikombe chini. Akaenda kulala, jua likiwa bado juu. Naye amechoka, maskini.

Kesho naanza rasmi. Glasi kwa kila mteja, mlangoni, kabla hajakaa. Na bahati imenijia yenyewe: kaka zake bibi harusi, mabwana wakubwa wenye ndevu za kushiba, wamependa kidevu cha shemeji yao. Watapita kwangu wote kunyolewa kabla ya safari ya kurudi kwao, na Kapteni mwenyewe ndiye atakayewaleta. Amenisifia kwao. Siwezi kumwangusha.

Kwa hiyo nitakata pilipili kesho asubuhi, pale pale dukani, wakiwa wanatazama, zisipoteze ukali. Beseni zima liko tayari. Tangawizi nimeitupa jalalani. Sitaki mgeni aumie.