Nyota za Mchana na Kiti cha Kaimu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mafunzo yameanza. Ni ya mtandaoni, wiki nzima, ya kuwafunza wanaastronomia jinsi ya kuandika maombi ya kupewa muda kwenye darubini ya redio. Iko kusini kabisa mwa Afrika, masahani makubwa yamepangwa jangwani. Mimi si mwanaastronomia. Ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye usajili nilijiita mwanaastronomia ili wanikubali. Ummehani, mwalimu wa hisabati, kaandika ukweli mtupu. Naye wamemkubali!

Ningestahimili. Lakini Madam Imakulata, mkuu wetu wa shule, katangaza kwamba kati yetu wawili, atakayefanya vizuri ndiye mkuu wa idara ya sayansi. Mimi ndiye kaimu. Nimekaimu mpaka wanafunzi wanadhani Kaimu ni jina langu. Kiti cha kaimu kiko chini ya feni. Leo nimekikalia mpaka jioni.

Nimezima kamera. Nimemwandikia mkufunzi, Dkt. Anold, kwamba maikrofoni yangu ni mbovu. Sasa hawezi kuniuliza kitu.

Jumanne, 13 Mei

Kila mtu achague nyota moja na aiombee muda. Nimechagua Nyota ya Kaskazini. Hapa Tanga sijawahi kuiona, lakini jina lake ni kubwa. Nani atainyima muda nyota maarufu hivyo?

Kuna sharti la ajabu. Jina la mwandishi halitajwi popote. Maombi yatagawanywa tusahihishane kwa siri, msahihishaji asijue anamsahihisha nani, wala mwandishi asijue nani kamsahihisha. Niliogopa kwanza. Halafu nikafikiri tena. Kwa siri! Yaani naweza kumzamisha Ummehani na asijue mkono umetoka wapi. Ila lazima nilitambue ombi lake likinifikia.

Jioni nikaenda dukani kwa baba yake, Mzee Rehmatulla. Nikamwamkia shikamoo, nikanunua sabuni ambayo siihitaji, nikauliza habari za binti. Mzee akasema bintiye siku hizi anazungumzia kutazama nyota mchana, naye kamwacha tu, pengine ni uchovu wa kazi. Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Ombi limenifikia. Mstari wa kwanza tu, mwandishi anaomba saa za mchana. Ni lake! Nikaandika: “Mwandishi anataka kutazama nyota adhuhuri. Nyota hutoka usiku, hata mtoto wa chekechea anajua. Likataliwe.” Nikatoa alama ya chini kuliko zote, nikatuma. Nimekula sahani mbili za wali.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwisha. Asubuhi Dkt. Anold kaeleza, tena kwa utulivu kama anayetangaza hali ya hewa, kwamba mawimbi ya redio hayajali mwanga wa jua. Darubini ya redio hufanya kazi mchana na usiku. Mtu akiomba saa za mchana, ina maana kapiga hesabu na kujua nyota yake itakuwa juu wakati gani. Kisha akasema kesho maoni yetu yatasomwa mbele ya wote.

Haikutosha. Madam naye akasema atafungua projekta ukumbini, walimu wote tukae tujionee.

Nilimwandikia Dkt. Anold haraka kwamba kuna mtu asiyejulikana ameingia kwenye akaunti yangu na kuandika upuuzi. Akajibu kwa upole kwamba hilo ni jambo zito, ataita mafundi wafuatilie kompyuta iliyotumika. Nikamwandikia tena kwamba mtu huyo amejitokeza, ameomba radhi, tumesameheana.

Nikampigia shangazi Beatrisi, yuko Muheza, nikamwomba augue ili niende kumuuguza. Akakataa. Machungwa yameiva, hana nafasi ya kuugua.

Ijumaa, 16 Mei

Niliomba umeme ukatike. Mvua ile yote, umeme haukutikisika.

Ombi langu lilisomwa kwanza. Msahihishaji kaandika kwamba limeandikwa kwa moyo, ila Nyota ya Kaskazini haichomozi kamwe mbele ya darubini ile, kwa kuwa darubini iko mbali sana kusini. Mwandishi achague nyingine, atafanikiwa. Nilicheka kuliko wote ili wasinishuku.

Kisha yakaja maoni yangu. Ukumbi ulilipuka. Madam alicheka mpaka akavua miwani, akasema huyo aliyeandika hivyo bila shaka fizikia aliisikia redioni. Jina halikutajwa. Nilikuwa nimepona! Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu.

Lakini fizikia! Nikasikia sauti inasema kwamba mtu huyo ana shahada ya fizikia, tena ya daraja la pili la juu, na siku hiyo alikuwa na haraka. Sauti ilikuwa yangu. Maikrofoni ya ukumbi ilikuwa mbele yangu, nzima kabisa.

Madam alivaa miwani yake polepole akanitazama.

Tulipotoka Ummehani alinisogelea. Akasema, “Mwalimu Wilfred, ile nyota ya kaskazini ilinifikia mimi. Nilijua ni yako. Ndiyo maana niliandika taratibu.”

Nimelitafakari neno hilo jioni yote. Taratibu! Ananiogopa.

Jumatatu, 19 Mei

Ummehani ndiye mkuu wa idara. Kiti kimehamishwa pamoja na feni yake, au mimi ndiye niliyehamishwa, ni yale yale. Niko karibu na dirisha linalovuja. Nilitegemea Madam atanifukuza. Hakunifukuza, na hilo linanitisha zaidi.

Mkuu mpya kanipa kazi. Tumepata sahani kuukuu la king'amuzi. Kesho nilielekeze kwenye jua, Kidato cha Pili wapime mawimbi ya redio yanayotoka kwenye jua lenyewe. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema mambo haya nayajua tangu zamani.

Namjua huyu. Anataka nikosee mbele ya watoto. Safari hii hanipati. Nimewatangazia wanafunzi waje jua likishazama, giza likolee kabisa, tuone vizuri.