Wifi Kanitoboa Moyo

Jumatatu, 3 Machi
Wewe mjukuu unayesoma shajara ya watu kwa siri! Tangu mvua zianze hujakanyaga hapa. Miguu imeota mizizi? Soma basi, uone aibu. Bibi yako kakutwa na tundu moyoni. Ndiyo maana nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Wifi, dada wa marehemu babu yako, akauliza tundu limetoka wapi. Nikamwambia kalitoboa yeye, kwa ulimi wake wa miaka yote. Kanywea! Jioni kanihamishia godoro chumba chake cha mbele, chenye dirisha. Nilivyokililia chumba kile!

Jumatano, 5 Machi
Wifi kanifulia shuka. Kanikanda miguu iliyovimba. Hajanisema hata neno. Tundu tamu hili. Nimeamua: halizibwi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeanguka bafuni, pumzi imekata. Wifi kanibeba mgongoni mpaka barabarani, analia kwamba ameniua. Nilitaka kumwambia ukweli. Pumzi haikutosha. Baadaye ilitosha. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari wa moyo, msichana wa rika lako, kasema hawapasui kifua. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja, unapanda mpaka moyoni, unaacha kizibo kinachobana tundu huku na huku. Nimekubali. Nikifa, wifi atarudi dirishani. Nikamtuma maji ya kunywa asisikie mengine. Karudi mbio, kama ametumwa na adui zangu! Kamkuta daktari anasema, bibi, tundu hili umezaliwa nalo. Wifi kaniangalia weee. Kasema, pona kwanza, mwongo mkubwa, tutaongea.

Jumanne, 11 Machi
Limezibwa! Kidonda chenyewe kidogo, utadhani cha sindano. Muuguzi kasema wifi hakubanduka mlangoni, kila daktari anayetoka anamkamata koti. Nilipofumbua macho alinishika mkono, akaniita mchawi, akalia. Na mimi nikalia. Dawa zile.

Ijumaa, 14 Machi
Nyumbani. Pumzi tele, naweza hata kugomba. Wifi kadai chumba chake. Nimemwambia daktari kakataza nisibebe mizigo mizito, wala nisiambiwe maneno mazito. Kizibo kitachomoka, na safari hii mtoboaji atajulikana. Kaguna. Godoro halijahama.
Sasa wewe, ukija usiingie moja kwa moja. Simama mlangoni, muulize wifi kwa sauti ya hofu kama kizibo bado kimeshika. Mimi nitakohoa.